Yowe la Saa Nne

Mikono ya Illuminée ilijifunza upesi. Sauti ndiyo iliyokataa.

"Mama Igihozo, mi nakusikiliza," Jado alisema. Alisimama mbele yake, fimbo ya mianzi ameilaza juu ya kichwa chake ili aipige. "Ukipiga kichwa, unataja kichwa. Unasema Men! Kwa nguvu. Si kama mutu anaomba chumvi kwa jirani."

Wanafunzi wengine sita wakacheka. Illuminée akainua fimbo yake, akasogeza mguu wa kulia mbele, akapiga. Mianzi ikalia vizuri. Lakini kinywani kilitoka kitu kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Haiko," Jado akasema.

Hivyo ndivyo alivyohesabu. Pigo likikamilika alisema iko, lisipokamilika, haiko. Katika kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa fimbo, mkono na mguu na sauti lazima vifike pamoja. Ukipiga vizuri ukiwa kimya, hujapiga.

Jado alikuwa fundi wa injini za mashua, mzaliwa wa Goma. Alikuwa amesoma Japani miaka miwili, akaja Gisenyi na masanduku mawili ya deraya, mavazi ya kujikinga, zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine. Kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi alasiri, alikusanya watu wake katika ukumbi wa hoteli moja iliyofungwa karibu na ziwa. Kile walichoshika mkononi alikiita fimbo. Hakuwahi kukiita upanga, na katika mji ule wa Rwanda hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Illuminée alikuwa na miaka arobaini na minne, muuza viazi sokoni. Viazi vyake vilitoka Busasamana, chini ya volkano, na gunia moja kila wiki lilikwenda kwenye mgahawa uliopakana na hoteli ile. Siku moja, akiwa amelibeba kichwani, alisikia makelele.

"Nani anapigwa huko?" alimwuliza mpishi.

"Hakuna mutu. Ni wale wa Jado. Wanavua viatu, wanapiga kelele, wanavaa viatu, wanaenda nyumbani."

Illuminée alikwenda kuchungulia dirishani. Ndani kulikuwa na msichana anayefanya kazi benki, miguu mitupu, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana, akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Illuminée alisimama pale mpaka mpishi akatoka kuuliza kama viazi ni vya mgahawa au ni vya dirisha.

Alasiri ya mafunzo iliyofuata alirudi, akauliza kama wanapokea watu wazima.

"Uko na miguu?" Jado aliuliza.

"Niko nayo."

"Miwili?"

"We hauoni?"

"Bon. Vua viatu."

Sababu iliyompeleka pale hakumwambia mtu, ila mtaa wote ungeweza kuisema. Mume wake, Wellars, fundi mwashi, alifariki miezi kumi na mmoja kabla ya siku hiyo. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Aliketi kwenye ngazi ya uani ili afunge kiatu, akashika kifua. Illuminée alipoinuka aite watu, Wellars akamshika mkono. "Usipige kelele," akasema. "Watajaa hapa bure. Itapita." Alikuwa mtu mpole, asiyependa kusumbua, na kwa miaka kumi na tisa mke wake alikuwa ameuzoea upole huo na kuutii. Basi akatoka, akafunga geti polepole nyuma yake, akashuka barabarani kutafuta gari. Aliporudi nalo, mume wake alikuwa ameegemea ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe, na hakumjibu.

Kwenye kilio, mbele ya watu wote, kaka yake Wellars aliinuka. Huyu alikuwa Hakizimana, karani mstaafu wa mpakani, pale Petite Barrière, ambaye nyumba yake iko ya tatu kuteremka kutoka kwao.

"Mi nilikuwa nyumbani," alisema. "Nilikuwa nanyoa ndevu. Mutoto wa mama yangu anakufa hapo juu, na muke wake hapigi hata yowe."

Yowe kwa watu wale si kelele tu. Ukilisikia, unaacha chungu motoni unakwenda, na asiyekwenda huja kuulizwa alikuwa wapi. Wazee waliishi hivyo. Waliokimbilia Kongo walikwenda nalo, wakarudi nalo. Mtu aliye taabuni anapiga yowe, na jirani anafika. Illuminée alikuwa taabuni na hakupiga.

Watu wakamwambia komera, jikaze. Akajikaza. Hakulia kaburini wala nyumbani, na binti yake Igihozo aliporudi shuleni Musanze, nyumba ikawa kimya hata mlio wa sahani ukawa mkubwa. Mtaa ulimtazama. Wengine kimya chake walikiita heshima, wengine hatia.

Ukumbini hakuna aliyemwangalia hivyo. Walimwangalia mikono.

"Mama, hapa hatulimi viazi," Jado alimwambia wiki ya kwanza, kwa sababu Illuminée alipiga kwa mkono wa kulia, toka juu mpaka chini, kama anayefukua tuta. "Mukono wa kushoto njo unabeba. Wa kulia unaonyesha njia tu. We unanizika."

Alijifunza kuteleza bila kuinua nyayo, kisigino cha kushoto kikiwa juu kidogo, mpaka ngozi ya unyayo ikachubuka na sokoni akawa anachechemea. Alijifunza kuinama mlangoni, na kutoruka fimbo iliyolala chini. Kilichomtesa zaidi ni macho. Alikuwa amelelewa kutomkazia macho mtu anayezungumza naye, hasa mwanamume, na Jado kila mara alikuwa akisema, "Huku juu, mama. Adui haiko kwenye vidole vyangu vya miguu." Hilo nalo likaja. Baada ya miezi mitatu alikuwa akimtazama mtu usoni mpaka wateja wake wa viazi wakaacha kubishania bei.

Sauti tu. Alifungua kinywa, na mahali fulani chini ya koo kitu kilifunga kama geti.

Jumamosi moja kabla ya wiki ya mwisho ya Mei, Jado alitangaza. "Jumamosi ijayo navalisha watu watatu deraya. Mama Igihozo, mikono yako iko. Miguu iko. Sauti haiko. Bila sauti sikuvalishi."

"Na mutu akiwa bubu?"

"We si bubu. Mi nilikusikia sokoni unamutukana mutu wa mizani."

Wakacheka tena, naye akacheka kidogo. Jado hakucheka.

"Nenda nyumbani," akasema. "Fungua kinywa."

Lori la viazi la Jumatatu hufika adhuhuri, kwa hiyo asubuhi za Jumatatu Illuminée yuko nyumbani. Saa nne ikikaribia alikuwa na desturi ya kuingia ndani, kufunga mlango, na kuipitisha akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Jumatatu ile alitoka uani na fimbo yake.

Mapigo mia mbili. Inua, teleza, piga. Kumi ya kwanza alinong'ona. Ishirini, aliita kama anavyoita kuku. Kwenye la arobaini na kitu macho yake yalipita kwenye ngazi, nayo ngazi ilikuwa tupu, imefagiwa, na jua limeikalia. Akapiga. Sauti ikatoka.

Ilianza kama Men lakini haikuishia hapo. Ilipanda, ikagonga mabati ya jikoni, ikamrudia usoni. Kuku wakatawanyika. Illuminée alisimama akishangaa kama mtu aliyepasua chungu. Kisha, kabla geti la kooni halijajifunga tena, akapiga la pili. La tatu. La nne akalipiga kwa mguu na mkono na sauti pamoja, akalisikia lilivyofika, akajua kwamba hilo lilikuwako.

Geti la uani likafunguka kwa kishindo.

Mbele alikuwa Kankindi, mukecuru, bibi kizee wa nyumba ya pili, mwenye miaka sabini na ushee na masikio ya nusu, ameshika mchi kwa mikono miwili. Nyuma yake walikuja waashi wawili na sepeto, mshonaji ambaye futi yake ilikuwa bado shingoni, dereva wa pikipiki akiwa na kofia kichwani, wanawake na majembe, Hakizimana na nyundo. Uani pakajaa.

"Iko wapi?" Kankindi akauliza. "Mwizi iko wapi?"

"Hakuna mwizi, mukecuru."

"Nyoka?"

"Hakuna nyoka."

"Donc, nani anakufa?"

"Hakuna mutu anakufa. Nafanya mazoezi."

Dereva wa pikipiki akapasuka kicheko, akakizima mwenyewe alipoona uso wa Hakizimana. Illuminée hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiwahesabu. Ishirini na watatu. Chai aliyokuwa ameiacha dirishani ilikuwa bado inatoa mvuke. Walikuwa wamefika kabla chai haijapoa, mmoja na viatu vya kuoga, mmoja na mtoto wa kunyonya mgongoni, mmoja akivuja damu kwenye kidole cha mguu kwa kuruka mfereji. Wote. Kwa mayowe manne tu.

Wangekuja.

Miezi kumi na minne alikuwa ameishi na neno la kujifichia, labda. Labda wasingesikia, labda wasingefika, labda Wellars alisema kweli na ilikuwa bure. Sasa walikuwa wamesimama uani mwake wakihema, na labda ilikuwa imekwisha.

"Leo njo umejua kupiga yowe?" Hakizimana akasema.

Mmoja mmoja wakatoka. Kankindi peke yake alibaki kidogo, akaigusa fimbo ya mianzi kwa ncha ya mchi, akaguna, akaenda.

Illuminée alitazama geti lililobaki wazi. Kisha akamaliza mapigo yaliyosalia, kimya, kwa sababu alikuwa akilia, na mtu hawezi kufanya yote mawili.

Jumatano alikuja Anastase, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wao. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa haki, asiyepandisha sauti. Alikubali kiti, akakataa chai.

"Mama Igihozo, siji kukugombeza. Nakuja kukuonyesha hesabu. Juzi walikuja watu ishirini na kitu. Ukipiga tena, watakuja kumi. Tena, watatu. Halafu siku moja mwizi anaingia kweli, we unapiga, na sisi tunasema, ah, ni mama wa fimbo. Unaona?"

Aliona. Ubaya ni kwamba alisema kweli.

"Bon. Jumamosi, baada ya kazi ya umuganda, tuko na mukutano. Unasimama, unaomba msamaha, unaahidi hutapiga kelele tena humu mutaani. Watu wanapiga makofi, inaisha."

"Na nikipiga kule ukumbini?"

Anastase akakuna goti. "Shemeji yako anaomba hiyo pia uache. Anasema mujane hapigi makelele na vijana kando ya ziwa. Mi sina sheria ya ukumbi. Lakini ungeacha yote, ingekuwa vizuri. Uko peke yako hapa. Mutu anayeishi peke yake anahitaji majirani kuliko fimbo."

"Na nikikataa kuahidi?"

"Ukatae kwa nini? Ni kitu kidogo hivi."

Illuminée alimsindikiza mpaka getini. Jumamosi ya mkutano ndiyo iliyokuwa Jumamosi ya deraya. Ahadi saa tano asubuhi, deraya saa kumi. Angeweza kuahidi mtaani na kupiga ukumbini, kwa siri, kama mlevi anayejificha. Angeweza pia kuacha kabisa, akauza viazi, akaingia ndani kila saa nne inapofika. Majirani wangempenda. Aliosha kikombe alichokuwa amekitoa kwa ajili ya Anastase, ingawa hakikutumika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu hutoka umuganda, kazi ya pamoja. Mara hii ilikuwa kuzibua mfereji, ule ule uliomchubua dereva wa pikipiki. Illuminée alichimba upande wa wanawake, hakuzungumza sana. Walipomaliza, watu wakaketi kwenye majani, majembe yakiwa magotini. Anastase akasoma habari za usafi, akasoma habari za bima ya afya, kisha akafunga daftari.

"Kuna neno la mama Igihozo."

Hakizimana akaomba aanze yeye.

"Mi sina chuki na muke wa mudogo wangu," alisema. "Lakini yowe si kitu cha kuchezea. Siku ya kulipiga hakulipiga. Sasa anapiga kwa mazoezi. Mazoezi ya nini? Anataka kupigana na nani? Mi nilipanda kile kilima na nyundo, roho iko mukononi. Niko na miaka sitini na tatu. Nikifa njiani, ataniandikia kwamba nilikufa kwa mazoezi?"

Watu wakacheka, naye hakupenda wacheke.

Illuminée akasimama. Hakuinamisha macho. Wengi waliliona hilo kabla hajasema lolote.

"Bwana mukuu, majirani. Mulikimbia kwa ajili yangu. Nawaambia asante. Yule aliumia kidole kwenye mufereji, huyo namuomba msamaha."

Dereva wa pikipiki akainua mguu wenye bandeji, wakamshangilia.

"Lakini ahadi sitoi."

Kicheko kikakatika. Anastase akasema, "Mama Igihozo."

"Acha nimalize, mwalimu. Mwaka jana nilinyamaza. Nilinyamaza sababu mume wangu alisema nyamaza. Kwenye kilio chake mukaniuliza, kwa nini ulinyamaza? Bon. Nikaenda nyumbani nikanyamaza tena, miezi kumi na ine. Hakuna mutu alikuja kuniambia, we mama, kimya hiki kimezidi. Sasa nimefungua kinywa mara ine, asubuhi moja, munakuja kuniambia nyamaza. Kupiga ni kosa, kunyamaza ni kosa." Akageuka. "Shemeji, we ni mutu wa kalamu. Nitajie njia ya tatu, nifanye hiyo."

Hakizimana aliinua kidole kimoja, kisha cha pili, akakunja ngumi.

"Si mambo ya njia," akasema mwishowe.

"Mambo yenyewe njo hayo."

Anastase aliinua mkono. Alikuwa mwalimu, na mwalimu akikwama hutafuta mfano. "Tufanye hivi. Tuonyeshe hapa. Piga ile ya muchezo. Kisha piga ya hatari. Tukijua tofauti, hakuna atakimbia bure."

Wazo likawapendeza. Hata walioanza kuinuka wakaketi. Illuminée aliweka jembe chini, akasimama mguu wa kulia mbele, mikono mitupu imeinuliwa juu ya kichwa kana kwamba ina fimbo. Akakanyaga.

"Men!"

Sauti ilikwenda mpaka nyumba za juu ikarudi. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba kinywa kwa titi. Mtu akasema, "Eh, muke huyu!" na haikuwa tusi.

"Sawa," Anastase akasema. "Sasa ya hatari."

Illuminée akashusha mikono.

"Hiyo sionyeshi."

"Ni mufano tu."

"Haina mufano. Hiyo nilipaswa kuipiga siku moja, sikuipiga, na siwezi kuipiga hapa ili mulinganishe. Siku mutaisikia, mutaijua."

"Mi sitaijua," Kankindi akasema toka nyuma, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Masikio yangu imezeeka. Basi nitakuja kwa zote. Nikikuta mwizi, sawa. Nikikuta mazoezi, napumzika."

Safari hii kicheko kiliwapata karibu wote. Hakizimana alisimama, akakung'uta majani kwenye suruali.

"Mi sitakuja hata kwa moja," akasema. "Muandike. Hakizimana hatakuja."

Neno hilo lilikuwa zito, na watu waliusikia uzito wake. Anastase alimtazama, akamtazama Illuminée, akafungua daftari akaandika. Illuminée alikuwa karibu, akayaona maandishi. Mstari wa kwanza: Ameombwa kuahidi, hakuahidi. Wa pili ulikuwa na jina la shemeji yake.

"Hivyo hivyo," alimwambia Anastase. "Iache hivyo hivyo."

Akachukua jembe lake akaenda.

Saa kumi Jado alimfunga deraya. Ilikuwa na jasho la watu wa mbali waliokwisha kuzeeka, na kamba zake zilizungushwa kichwani mara mbili zikavutwa mpaka masikio yakalala. Kupitia wavu wa chuma wa kofia ukumbi ulikuwa mistari mistari. Alijisikia kama kitu kilichopakiwa kwenda ng'ambo.

"Utapigwa kwanza," Jado akasema. "Ujue kwamba haiui."

Akampiga kichwani. Mlio ukajaa kofia yote, meno yakagongana, na Illuminée akacheka kwa sauti, mle ndani mahali ambapo hakuna aliyemwona.

"Sasa we."

Alipiga mara ya kwanza, haiko. Mguu ulitangulia. Mara ya pili, haiko. Alikuwa amerudi kwenye tuta la viazi. Mara ya tatu alisahau kuwaza mguu. Akapita upande wa Jado kwa mbio, sauti yake ikimvuta kama mtu aliyeshikwa mkono, akasimama ukutani, akageuka.

"Iko," Jado akasema.

Jumatatu ikafika, na saa nne ndani yake.

Illuminée alitoka uani. Wakati huu alijua anachokifanya, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Anastase alikuwa amemweleza hesabu: ishirini na kitu, kisha kumi, kisha watatu. Kwa mapigo mia mbili kila Jumatatu, angemaliza mtaa mzima kabla ya mvua za Septemba. Angebaki mwanamke mwenye sauti kubwa ambayo hakuna anayeifuata. Alifikiria kunong'ona. Alifikiria hilo kwa muda wa kufunga kitambaa kichwani, kisha akaona kwamba akinong'ona uani mwake mwenyewe, basi hata ule ukumbi angekuwa ameuongopea.

Akapiga. "Men!"

Hakuna kitu. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akipiga nguo juu ya jiwe, na hakuacha. Barabarani pikipiki ikapita, ikapunguza mwendo, ikaendelea. Sawa. Alikuwa ameyataka mwenyewe. Akapiga la pili, la tatu. Alipofika arobaini koo lilikuwa linawaka, na sauti imefunguka kabisa, pana, haina aibu.

Geti likafunguka kwa teke.

Hakizimana alikuwa amesimama hapo, redio ndogo mkononi, redio bado inasoma habari. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vya kupishana. Alihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Aliangalia ngazi kwanza. Kisha jikoni, kuku, beseni, na mwisho kabisa mke wa mdogo wake, aliyesimama na fimbo juu.

"Iko nini?"

"Hakuna kitu, shemeji."

"Nilisema sitakuja."

"Ulisema. Mukuu aliandika."

Hakizimana alitazama miguu yake kwa hasira, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine aliyemvuta. Redio ilisoma bei ya kahawa. Alipoinua uso tena, aliitazama ngazi.

"Siku ile," akasema, "mi ningefika. Hata nusu ya..."

"Najua."

Hakuwahi kumkatisha shemeji yake maneno. Alimkatisha sasa, na hakuomba radhi.

"Wiki jana niliwaona mukijaa hapa, nikajua. Najua kuliko wewe, na nitakuwa najua mpaka nife. Basi usiniambie tena. Si hapa, si kwenye mukutano, si mbele ya Igihozo. Ulisema mara moja kwenye kilio, inatosha. Siku ile sikupiga. Sasa napiga."

Hakizimana alizima redio.

Ndipo Kankindi akaingia, mikono mitupu, akijishika kiuno.

"Ni mwizi?"

"Si mwizi, mukecuru."

"Ni muchezo?"

"Ni muchezo."

"Bon." Akamwona Hakizimana. "Na we uko hapa? Si walikuandika?"

Kankindi alikwenda kwenye ngazi, ile ngazi ambayo kwa miezi kumi na minne hakuna aliyeikalia, akaiketia kama kiti chochote, akanyoosha miguu juani.

"Imebaki ngapi?"

"Mia moja na sitini."

"Yesu wangu."

Illuminée alikaza vidole vya mkono wa kushoto. "Shemeji," akasema, "rudi nyuma kidogo. Fimbo inafika hapo."

Akarudi hatua mbili. Hakutoka. Illuminée akainua, akateleza, akapiga, na sauti ikaruka ukuta ikashuka mtaani kuwatafuta wengine.